Pakiti Tupu za Dada Akiru

Mchungaji, wazazi wangu, majirani wa Kakuma na nyinyi mliotoka Lodwar, ejok, hamjambo, mimi ni Namuria, mdogo wa marehemu, familia imenituma nisome habari za maisha yake, ingawa sijazoea kusimama mbele ya watu.

Dada Akiru Esekon alizaliwa tarehe 14 Machi 1994, Lopur, kifungua mimba wa Mzee Esekon na Mama Apua, akasoma shule ya msingi hapa Kakuma hadi darasa la nane mwaka 2010, kisha Februari 2012 akaenda Lodwar, akaajiriwa kupika uji katika shule ya chekechea, na tarehe 8 Agosti 2015 akaolewa na shemeji Reuben, wakajaliwa mtoto mmoja, Nathan, aliyezaliwa 2 Juni 2017.

Tarehe 13 Januari 2025 alipimwa, akakutwa na kifua kikuu, akiwa na kilo thelathini na nane, akarudi nyumbani tumtunze. Kliniki walimpa dawa na pakiti za lishe ya njugu, mbili kwa siku, na nesi Sellah akatueleza kwamba ndani ya damu kuna askari, kwamba askari hao huchoma sukari na mafuta ya chakula ndipo wapate nguvu ya kuongezeka na kuua viini vya ugonjwa, na wakiwa na njaa humwona adui wakashindwa kumpiga. Tulielewa. Lakini kwetu mtu hawezi kula huku watoto wanamtazama, kwa hiyo dada alionja kidogo, nyingine akawapa Nathan na mwanangu Abei, aliyekuwa amekonda hata hawezi kusimama.

Kliniki hupokea pakiti tupu kabla ya kutoa mpya, na mimi ndiye niliyezipeleka, kumi na nne kila wiki, bila kupungua hata moja. Sellah alipoona kilo zinashuka aliniuliza kama mgonjwa anakula, nikamwonyesha pakiti. Nilimwambia dada tuseme ukweli, akanijibu, "Nyamaza, Namuria, huyu wako ameanza kusimama."

Alilazwa tarehe 29 Aprili, akafariki 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na kilo thelathini na mbili.

Tunawashukuru madaktari, walimu aliofanya nao kazi Lodwar, majirani waliotuletea maji na kuni, na nesi Sellah, ambaye anayasikia haya leo kwa mara ya kwanza. Abei amekuja hapa kwa miguu yake.

Dada Akiru, pumzika kwa amani, watoto wamekula, hakuna anayekutazama.