Mota Iliyoipita Dhikri

Benchi la barazani halijakosa ubishi tangu lipigiliwe misumari. Asubuhi hiyo walilikalia watatu na birika lao la kahawa: Antena, fundi redio, Sabuni, dobi, na mwenye baraza, fundi cherehani waliyembandika jina la Pedeli. Pedeli alikuwa amenywea. Miaka yote alishona huku akimdhukuru Mungu kwa miguu yake: kisigino kikishuka, La ilaha, vidole vikishuka, illallah. Juzi mkewe kamfungia cherehani mota ya umeme, magoti yapumzike, na dhikri ikampotea. Ilimuuma kwelikweli, na kumwambia mama watoto hakuthubutu.

— Mota ina haraka, alilalamika. Nikisema La ilaha, pindo limekwisha. Jana nimeshona suruali nzima sijafika kwenye illallah.

— Suruali ipi? aliuliza Antena.

— Hiyo uliyovaa.

Antena akainuka polepole, akajitazama mapaja.

— Yaani nimevaa nusu ya shahada? Na nusu yenyewe ile inayokana?

— Ndiyo maana leo umeamka mbishi, alisema Sabuni.

— Nimeamka hivyo tangu nizaliwe, bwana. Sikia, Pedeli: rekodi dhikri kwenye simu, ijirudie yenyewe. Wewe unashona, thawabu zinaingia.

— Zinaingia kwa simu, alisema Sabuni. Siku ya siku simu itapita peponi, wewe utabaki getini unatafuta mtandao. Muulize anayejua. Pasi yangu ya mvuke inamtaja Mola, Hu, Hu, kutwa nzima. Hiyo ina adabu kuliko nyinyi wote.

— Pasi? alidakia Antena. Feni yangu inatikisa kichwa kulia na kushoto usiku kucha. Ile si feni tena, ni sheikh.

— Mwambie sheikh wako anipozee chumba basi.

Pedeli alicheka bila kupenda. Kicheko kikamtia ujasiri, akauchomoa mkanda wa mota, akarudisha ule wa zamani, akaweka miguu. Kisigino, vidole. Cherehani ikaguna, ikashika mwendo. La ilaha, illallah. Moyo wake ukatulia, akaona raha ya mtu aliyefika kwake.

Sabuni akaanza kuyumba kwa mwendo huohuo. Antena, aliyetaka kusema neno, akajikuta anasema lilelile la Pedeli, illallah. Benchi likalia nao, kahawa ikapoa.

Walipoinua macho, mke wa Pedeli amesimama mbele yao na kikapu chake.

— Kelele zenu nimezisikia tangu sokoni, alisema. Mlikuwa mnabishania nini?

Pedeli akamtazama Antena. Antena akamtazama Sabuni. Sabuni akachungulia birikani. Walitafuta kweli, lakini hakuna aliyekumbuka, na kicheko kikawapanda mpaka Antena akashika suruali yake isipasuke.

Mwanamke akauona mkanda wa mota ukining'inia. Akatua kikapu, akaketi pembeni ya benchi.

— Kanyaga basi, baba watoto, alisema. Nakusikiliza.