Mama Timazi, Fundi Aliyejifunza Kuuacha Mwiko

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mwenzetu tunayemwita Mama Timazi atavua kofia yake ngumu na kuirudisha stoo, baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na miwili. Mtunza stoo ni mimi, na nimekwisha kumwambia kwamba kofia hiyo itapokewa na mtu mwingine. Sitaki watu wanione nikifuta macho mbele ya mapipa ya rangi.

Aliingia saiti akiwa kibarua wa kubeba karai za zege. Kila walipopumzika wenzake, yeye alisimama nyuma ya waashi akiangalia mikono yao, hadi mwashi mmoja akachoka kutazamwa na kumpa mwiko ajaribu. Hakuurudisha. Baada ya miaka michache hapakuwa na mwashi aliyepanga tofali kumshinda. Jina la Timazi alilipata kwa sababu kile kikamba chenye uzito wa kupimia wima wa ukuta hakikuwahi kumtoka mfukoni. Alikuja hata kwenye harusi ya mpwa wangu, na wakati bibi harusi anaingia ukumbini, yeye alikuwa amefumba jicho moja akipima nguzo.

Kwa sifa hizo, mkurugenzi alimteua kuwa kaimu msimamizi wa ujenzi wa zahanati ndogo. Tulishangilia, tukampigia vigelegele, maana hakuna fundi aliyewahi kupewa saiti nzima kabla yake. Hapo ndipo tulipogundua, na yeye akagundua, kwamba kujenga ni kazi moja na kuendesha ujenzi ni kazi nyingine kabisa.

Mambo yalikwenda mrama siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu. Gari la zege lilifika getini kama lilivyoagizwa, lakini mhandisi wa kukagua nondo kabla hazijafunikwa na zege hakuwepo, kwa kuwa hakuna aliyemwita. Aliyetakiwa kumwita alikuwa juu ya jukwaa, amemnyang'anya mwashi mmoja mwiko, anambomolea kona iliyopinda kidogo na kuipanga upya kwa raha zake. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Zege likaanza kushika ndani ya gari, gari likageuzwa, likaenda kulimwaga jalalani. Ile kona, lazima niseme, ilitoka nzuri mno.

Zahanati ilichelewa. Mkurugenzi alimwita Mama Timazi ofisini na kumwambia bila kupepesa macho kwamba angepewa jengo moja tu tena, bweni la shule. Likichelewa nalo, angerudi ukutani, na kampuni isingechukua tena msimamizi kutoka kwa mafundi. Kurudi ukutani hakukumtisha. Ukutani ndiko alikozoea. Kilichomkosesha usingizi ni hayo maneno ya pili. Alijua mafundi wote walikuwa wanamtazama, na kwamba akishindwa yeye watakuwa wameshindwa wote, hata wale ambao hawajajaribu.

Akajifunga kibwebwe. Alijiandikisha chuo cha ufundi, madarasa ya Jumamosi ya usimamizi wa ujenzi, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe waliomwita Mama na kumwazima rula. Mtihani wa kwanza alianguka. Swali lilitaka ratiba ya kujenga nyumba, yeye akaeleza kwa ustadi mkubwa jinsi ya kujenga kila sehemu, kuanzia msingi hadi kenchi za paa, bila kusema hata mara moja ni lini. Mwalimu alimwandikia pembeni kwamba angependa sana kukaa katika nyumba hiyo, ila hajui atahamia mwaka gani.

Aliyemfungua macho ni mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Siku moja alimkuta mkewe amejiinamia juu ya karatasi, akamuuliza kinachomsumbua, akaambiwa. Akacheka. "Harusi haisogei, mke wangu," alimwambia. "Mimi huanzia siku ya kuchukua nguo, halafu narudi nyuma. Lini watakuja kujaribisha, lini niwe nimeshona, lini niwe nimekata, lini kitambaa kiwe dukani. Nikianzia kwenye kitambaa, bibi harusi atavaa kanga." Mama Timazi alisimulia jambo hilo kwa wiki nzima, utadhani mume amempata upya.

Bweni lilipoanza, alichora ratiba ukutani katika ofisi ya saiti, kuanzia siku ya kukabidhi funguo na kurudi nyuma hadi siku ya kuchimba msingi. Kila kazi ilipewa jina la mtu wake. Fundi umeme na fundi bomba walionekana kabla ya mpiga plasta, wasije wakavunja kuta zilizokwisha kupendeza. Mhandisi wa ukaguzi aliandikwa kwa wino mwekundu, na tulikatazwa kuuliza kwa nini.

Kisha akaja na lile swali lake. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika chombo, aliwakusanya viongozi wa mafundi na kumuuliza kila mmoja: "Kesho utahitaji nini ambacho leo hakipo?" Mwanzoni hakujibu mtu. Fundi aliyezoea kukaripiwa akiulizwa kwa upole hudhani kuna mtego. Naye kwa asili si mtu wa upole. Ukutani alikuwa mkali kama pilipili. Tulimwona akimeza maneno, akisubiri, akiuliza tena kesho yake kwa sauti ileile. Taratibu wakaanza kusema. Huyu anahitaji misumari, yule mirunda, mwingine anahitaji fulani asimwingilie kazi yake.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni mikono yake. Akiona tofali limekaa vibaya vidole vilimwasha. Ndipo alipokuja stoo, akanipa mwiko wake mwenyewe, akaniapisha nisimpe hata akinipigia magoti. Wiki hiyohiyo akarudi akidai anataka kuusafisha tu. Nikakataa. Akaja akisema jirani anataka kuuazima. Nikakataa. Akaniita mkono wa birika, jina ambalo watunza stoo wote duniani tunalo, kwa hiyo halikuniuma. Siku nyingine nilimkuta amesimama mbele ya ukuta uliokwenda upande, mikono ameifunga mgongoni, anamweleza mwashi aone mwenyewe pale ulipoanza kukosea. Alichukua muda mrefu kuliko ambao angeutumia kuubomoa. Mwashi yule hakurudia kosa.

Zege la ghorofa ya bweni tulipanga kulichanganya wenyewe. Asubuhi ya siku moja kabla aliuliza swali lake, na fundi mitambo, mtu asiyesema ila ameguswa, akajikuna kichwa na kukiri kwamba mkanda wa mashine ya kuchanganyia umechakaa, ila huenda utavumilia. Mama Timazi wa zamani angemgombeza. Huyu mpya alimshukuru, akaagiza mkanda mwingine mchana uleule. Kesho yake, tukiwa katikati ya kumwaga, mkanda ulikatika kwa kishindo. Sote tulishika vichwa. Fundi mitambo akauvua uliokatika, akavisha mpya, na kabla vibarua hawajamaliza kunywa maji mashine ilikuwa inazunguka. Mhandisi alikuwepo, nondo zilikuwa zimekaguliwa, na msimamizi alikuwa chini, mahali ambapo kila mtu angeweza kumwona. Mwiko nilimrudishia siku funguo za bweni zilipokabidhiwa, tarehe ileile iliyokuwa ukutani, akaenda kuutundika sebuleni kwake.

Baada ya hapo alithibitishwa kazini, akamaliza masomo, akasimamia shule, masoko, maghala na ofisi hizi tunamokaa. Leo wasimamizi watatu wa kampuni walianzia kwenye mwiko na karai, na wote watatu amewafundisha yeye.

Mwezi uliopita tulimwaga zege la mwisho la jengo lake la mwisho. Asubuhi hiyo hakuja. Alikuwa ameomba ruhusa makusudi, akamwachia saiti yule atakayemrithi, aliyekuwa fundi vigae, naye akabaki nyumbani. Mumewe ametusimulia jinsi siku ilivyokwenda: simu aliiweka mezani, akaichaji ilhali imejaa, akaenda nayo jikoni, akarudi nayo, akamwomba mzee ampigie ahakikishe inaita. Iliita vizuri. Saiti tulikuwa na mvua ya ghafla na lori lililochelewa, na yote mawili yalikuwa yameshafikiriwa. Hakuna aliyempigia.

Kesho yake alikuja stoo akaniuliza kama kweli hakuna aliyemhitaji. Nikamwambia hakuna. Alikaa juu ya mfuko wa saruji, machozi yakamtoka, nikajuta kwa nini sikudanganya. Kisha akacheka kicheko chake kile kinachosikika hadi getini. "Basi nimeweza," akasema.

Umeweza, Mama Timazi. Kwa kila jengo, kwa kila fundi uliyemwinua, na kwa kila mara ulipomeza neno kali, pokea asante zetu zote. Tunakuombea afya, furaha na miaka mingi kando ya mzee wa cherehani. Kuanzia sasa tutakupigia simu mpaka utuchoke, na itakuwa kwa salamu tu.