Mama Soksi Anaondoka, Ngazi za Bwawa Zikiwa Nyeupe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Soksi anastaafu baada ya kulihudumia bwawa la kuogelea la chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Nimepewa mimi kuandika ukurasa huu kwa kuwa nimekuwa msaidizi wake miaka sita, na kuanzia Jumatatu bwawa linakuwa mikononi mwangu. Naandika roho ikiwa juu, mtanisamehe.

Aliajiriwa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Fundi wa bwawa wa enzi hizo alikuwa na dawa moja tu kwa kila doa: kumwaga maji yote na kuosha plasta kwa tindikali. Aliiosha mara mbili, na mara zote mbili plasta ikapungua unene. Mama alipokabidhiwa bwawa aliapa kwamba tindikali haitaingia tena humo, akaanza kuyachunguza madoa moja moja. Ya majani aliyasugua kwa kidonge cha klorini. Ya kutu aliyatoa kwa vitamini C, vile vidonge vya dukani vya kutafuna. Alivitwanga, akavitia ndani ya soksi, akaishikilia juu ya doa huku akihesabu hadi mia mbili bila kuruka namba. Jina lake lilitoka hapo.

Mume wake, mpiga chapa mstaafu, husema kwamba tangu waoane hajapata kuvaa soksi mbili zinazofanana, na kwamba nyumbani wote wanaumwa mafua kwa sababu vitamini zote zinanywewa na bwawa.

Alikuwa mkali. Mkuu wa chuo aliwahi kuleta wageni, akavuliwa viatu pale mlangoni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Msichana aliyesahau kibanio cha nywele chini ya maji alimkuta Mama getini jioni, amekishika kwa vidole viwili. Chuma ndani ya bwawa lake kilimnyima usingizi.

Sasa nifike kwenye lile mnalolisema pembeni. Mwezi uliopita ngazi za upande wa kina kifupi ziliota vidoa vya kahawia, vingi mno. Wapo waliosema macho yamemwisha, wengine wakasema ni heri anaondoka. Meneja akatangaza kuwa visipotoka kabla ya sherehe hii ya kumuaga, bwawa litaoshwa kwa tindikali. Kwa plasta nyembamba iliyobaki, hiyo ingekuwa kulizika.

Ukweli ni huu. Mama alipokuwa likizo kumuuguza dada yake, nilitaka arudi akute ngazi zinang'aa. Nilishusha maji, nikaazima brashi ya waya kwa fundi wa kuchomelea mageti, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Brashi ya waya huacha vipande vidogo vya chuma ndani ya plasta, na chuma hicho hushika kutu. Mama alinifundisha hilo siku yangu ya kwanza kazini. Nililijua, nikalipuuza kwa kutaka sifa.

Aliporudi aliinama kwenye ngazi ya kwanza, akang'oa kitu kwa kibanio cha nyusi, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akakitia ndani ya kiberiti kitupu. Meneja alipokuja kuuliza nani kafanya haya, niliinamisha kichwa. Mama akajibu: “Bwawa langu, madoa yangu. Nipe siku tisa.”

Tulifunga bwawa na kuacha kutia klorini, maana ingeua nguvu ya vitamini. Kila asubuhi tulisimama majini hadi kiunoni, yeye aking'oa waya, mimi nikishika soksi na kuhesabu. Mara mbili nilipoteza hesabu kwa hofu, akaniambia nianze upya. Siku ya tisa mchana ngazi zilikuwa nyeupe. Meneja alizipapasa kwa mkono, akaondoka, na habari ya tindikali ikaishia hapo. Maneno ya pembeni hayakuishia hapo.

Jana alinipa funguo za chumba cha pampu pamoja na kile kiberiti. Ndani mna vipande sitini na tatu. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema: “Ningekutaja, wewe ungefukuzwa, na bwawa ningemwachia nani?”

Basi nimejitaja mwenyewe. Macho ya Mama Soksi hayana tatizo lolote; madoa yale yalikuwa yangu. Meneja, ukiona bwawa apewe mtu mwingine, funguo ziko mezani kwako. Kiberiti naomba nibaki nacho. Leo nimezikagua ngazi mara nne tangu kupambazuka, na nitazikagua tena baada ya hotuba.

Mama, asante kwa miaka yote hii, na kwa siku zile tisa zaidi ya yote. Tunakutakia mapumziko marefu na afya njema, na mzee wa nyumbani tunamtakia soksi za jozi kamili. Leo pita getini ukiwa umeinua kichwa. Wa kuinamisha ni mimi.