Kulabu Inayotazama Kushoto

Waliokuwapo kwenye benchi la Wanjira, Nkubu, asubuhi ya Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988, ni hawa. Wa kwanza ni Wanjira mwenyewe, mwenye jiko na sufuria ya chai, kwa maana watu wa Nkubu hulima kahawa na kunywa chai. Wa pili ni Misheck Kirimi, aitwaye Redio, kwa sababu habari zote za soko hilo hupitia kinywani mwake. Wa tatu ni Thuranira wa Runji, aitwaye Daktari, ingawa kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuogesha ng'ombe kwenye josho. Wa nne ni Jeremia Mithika, mwalimu mstaafu, ambaye hakuwa na jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Juu ya magoti ya Mithika palikuwa na bahasha kubwa kutoka kwa Kiende, binti wa hapo Nkubu aliyesomea uchoraji chuoni. Mwaka uliotangulia, Kiende aliketi kwenye benchi hilo na daftari, akiwauliza juu ya alama ambazo wazee walichonga kwenye mizinga ya nyuki ili ijulikane asali ni ya nani. Sasa kazi ilikuwa tayari: insha upande mmoja, michoro ya wino upande wa pili. Jumatatu ingetundikwa ukutani kwenye maonyesho huko Embu. Barua iliyokuwamo ilimwomba Mwalimu aikague. Kiende angepita saa nne kuchukua masahihisho.

— Soma pale nilipo, Mwalimu, alisema Redio. Si nipo?

— Upo. Ukurasa wa tisa. "Kwa maelezo ya Bwana Misheck Kirimi, mistari mitatu ni idadi ya mito ambayo nyuki huvuka kwenda malishoni."

— Wanjira, umesikia? Bwana!

— Mito gani hiyo? aliuliza Wanjira.

— Mito ni mito, mama. Muulize nyuki.

— Wacha uongo, alisema Daktari. Hiyo mistari ni wake. Mzee wa wake watatu, mistari mitatu. Mimi nilimwambia hivyo, na ameandika.

— Na ile alama ya mistari saba? aliuliza Wanjira.

— Huyo alikuwa chifu.

Wanjira alicheka mpaka akamwaga maziwa.

— Cheka tu, alisema Daktari. Nyuki anasoma ile alama. Jioni akirudi anapita mizinga ya watu, anaangalia mlangoni, anasema, la, hapa si kwetu.

— Anasoma?

— Kukushinda wewe.

— Hiyo ni kidogo, alisema Redio. Wakati wa vita vya uhuru, watu wa msituni walikuwa wanaachiana barua kwa hizo alama. Mzungu anapita chini ya mti na bunduki, anatazama juu, anaona mzinga tu. Kumbe anatazama barua!

— Hiyo pia ulimwambia msichana wa watu? aliuliza Wanjira.

— Ukurasa wa kumi na moja, alisema Mwalimu, bila kucheka. Ameandika yote.

Akafunua ukurasa wa kumi na nne. Hapo palikuwa na mzinga umechorwa vizuri mno, mpaka nyufa za gogo zilionekana, na ubavuni mwake mistari mitatu na kulabu. Chini yake paliandikwa: Alama ya mzee M'Mithika, kama alivyoichora mwanawe, Mwalimu Jeremia Mithika. Jina lilikuwa kamili, halikukosewa hata herufi. Mithika alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Kuna nini, Mwalimu? aliuliza Redio.

— Kulabu inatazama kushoto.

— Sasa?

— Ya baba ilitazama kulia. Hii ni ya Ngari wa Kiambi.

Ngari alikuwa mchongaji wa mizinga, aliyekaa bondeni, mwendo mfupi kutoka hapo. Alihamia kutoka Mbeere mwaka 1938, akiwa kijana. Baba yake Mithika alimruhusu kutundika mizinga kwenye miti yake, wakapatana alama iwe moja, mistari mitatu na kulabu, ila ya mwenyeji itazame kulia na ya mgeni kushoto, wasije wakagombana. Wazee wale walihesabu kwamba mtu akijitwalia alama ya mwenzake amemwibia asali. Mithika aliyajua hayo yote. Lakini mwaka 1941 alichapwa viboko vinne shuleni kwa kuchora alama ya baba yake kwenye jalada la daftari, mwalimu akiiita uchafu wa kishenzi, na tangu siku hiyo hakuichora tena mpaka Kiende alipomkabidhi penseli. Siku hiyo hakuwa na hakika kulabu itazame upande gani. Badala ya kusema sikumbuki, alichora.

— Kulabu ni kulabu, alisema Redio. Nani huko Embu atajua?

— Na ukisahihisha yako, alisema Daktari, itabidi tusahihishe na zetu. Mimi wake wangu watatu nitawaweka wapi?

— Lakini nyinyi, aliuliza Wanjira, kwa nini hamkumtuma kwa Ngari? Si yuko hapo chini tu, na ndiye aliyechonga hiyo mizinga?

Mithika alirudi ukurasa wa pili, akasoma kwa sauti ndogo:

— "Nilitaka kumwendea mchongaji mmoja mzee, lakini nilishauriwa na mwalimu kwamba mzee huyo hakusoma, angenipotezea wakati."

Hakuna aliyeuliza ni mwalimu gani. Mithika alitoa penseli mfukoni. Ilikuwa saa tatu na nusu. Aliona kwamba kuandika neno kulia pembeni hakungetosha. Ilimpasa kwanza ashuke bondeni, amwambie Ngari kosa lake usoni, kisha ampeleke Kiende huko huko, hata kama ukuta wa Embu ungesubiri.

Ndipo akaja Nelius, mke wa mwana wa Ngari, na thamosi mbili tupu.

— Nijazie zote, mama. Na mandazi, yote uliyo nayo.

— Una wageni leo? aliuliza Wanjira, akichota.

Macho ya Nelius yalikuwa kwenye mchoro. Aliinama, akagusa kulabu kwa kidole.

— Hii ni alama ya baba. Mbona imeandikwa jina la Mwalimu?

Redio alikohoa. Daktari aliinua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa. Mithika alisimama.

— Nelius, mzee yuko nyumbani? Nataka kuja mwenyewe, sasa hivi. Kuna jambo nilimkosea.

Nelius alikaza kifuniko cha thamosi ya kwanza, halafu cha pili.

— Hayuko, Mwalimu. Baba alifariki leo saa kumi na mbili asubuhi.