Chura wa Wembe

Asubuhi ile benchi letu la kahawa lilijaa mapema, na kisa ni video. Ilikuwa imesambaa mpaka kwenye simu za mama wakwe. Inamwonyesha Wembe, kinyozi wetu, ameshika mashine huku analia kama aliyefiwa. Kwenye kiti chake amekaa Dalali, yule anayetutafutia nyumba za kupanga, upande mmoja wa kichwa umenyolewa, wa pili msitu. Wembe anamsihi, “Mfute, kaka! Nakuomba, mfute chura wangu!” Chura mwenyewe ni picha tu. Ni wa bluu, amevaa tai. Wembe alimnunua mtandaoni, akapewa na hati kwamba dunia nzima chura huyo ni wake peke yake. Dalali akamnakili kwenye simu yake, akamfanya pambo la skrini. Mteja aliyekuwa anasubiri zamu akarekodi kilio chote. Sasa wote wawili walikuwa benchini, wamepeana mgongo.

— Mimi kosa langu nini? Dalali akalalamika, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Chura wewe unaye, na mimi ninaye. Hajapungua hata mguu!

— Kwa hiyo nikimweka mkeo kwenye skrini yangu, utasema hajapungua? Wembe akamjibu bila kugeuka.

— Mke wangu si wa bluu.

— Hujajibu swali.

Mzee Saa, fundi wa saa, akaweka kikombe chini. Kile kioo chake cha kazi kilikuwa bado kimembana jichoni.

— Tulieni niwaeleze. Picha ikinakiliwa inachoka. Huyo chura alikuwa na pumzi moja, sasa kaigawa kwenye simu mbili.

— Pumzi gani, mzee wangu? Ile ni rangi tu!

— Kama ni rangi, kwa nini simu yako siku hizi inaishiwa chaji kabla ya mchana? Kuna kitu mle ndani kinakula.

Dalali akaitoa simu mfukoni taratibu, akaiweka pembeni, mbali kidogo na paja lake.

— Hilo ni jini, akasema Bi Kahawa, muuzaji wetu, huku akituongezea vikombe. Majini wa zamani walikaa kwenye chupa. Wa leo wamehamia kwenye simu. Mimi nilipotazama ile video, chura alinikonyeza.

— Bi Kahawa, ni picha! Haiwezi kukonyeza.

— Hakukukonyeza wewe. Ana macho, anachagua.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Dalali naye akapata nguvu.

— Basi tumpangishe! Mwezi huu analala kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Mimi nasimamia funguo.

Wembe hakucheka. Mimi ni fundi cherehani, duka langu limepakana na lake, na nilikuwa nimeona tangu video isambae hakuna mteja aliyeingia kwake. Wapita njia walikuwa wanasimama mlangoni, wanaigiza kilio chake, kisha wanakimbia. Nikamgusa bega.

— Tuache utani, jirani. Chura ana nini?

Akanigeukia.

— Nasimama nyuma ya kiti kutwa nzima. Kila anayekaa pale anatazama kioo, anajitazama yeye. Nikimwuliza kama pamekaa vizuri, anakijibu kioo. Nikifungua simu, yule chura ananitazama mimi. Macho yote mawili. Mnaweza kucheka.

Hakuna aliyecheka. Dalali akavua kofia, ule msitu wake ukabaki wazi, wala hakujali.

Hapo ndipo tulipomwona mke wa Wembe. Alikuwa amesimama nyuma yetu na kikapu cha sokoni, na alikuwa amesikia.

— Karibu, shemeji, nikamwambia, nikasogea.

Hakukaa.

— Baba watoto, akasema kwa upole. Nina swali dogo tu. Jana nilivaa nguo gani?

Wembe akamtazama Mzee Saa, Mzee Saa akajifanya anakoroga sukari kwenye kikombe kitupu. Akamtazama Dalali, Dalali akatazama barabara.

— Bluu? Wembe akabahatisha.

— Bluu ni chura.

Nilitaka kumsaidia, kwa kuwa nguo ndiyo kazi yangu. Lakini nilipojaribu kumkumbuka mke wangu wa jana, nilisikia sauti yake tu ikiniambia chai inapoa. Nguo sikuiona. Na sura zilizonizunguka zilionyesha kwamba kila mmoja alikuwa anapekua kichwani kwake, anatoka mikono mitupu.

— Sikumbuki, mama watoto, Wembe akasema mwishowe.

Akainuka, akapafuta mahali pake benchini kwa kiganja, akampokea kikapu. Mkewe akakaa. Akachukua kikombe cha mumewe, akanywa kilichobaki.

— Haya. Hebu nimwone huyo mke mwenzangu.

Wembe akampa simu kwa mikono miwili. Mkewe akamkagua chura muda mrefu.

— Tai imemkaa vibaya, akasema, na Wembe akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile video itoke.

Dalali alikuwa ameshasimama. Mzee Saa naye. Mimi nilikuwa nimeshawatangulia.

— Mbona mnaondoka? Bi Kahawa akauliza. Birika ndiyo kwanza limechemka!

— Nafika nyumbani mara moja, Dalali akajibu huku anaharakisha. Kuna nguo nakwenda kutazama.