Fyuzi Mfukoni

Mshonaji alifumba macho ndani ya treni, maana abiria aliyelala haombwi kusogea. Mbele yake fundi umeme alikuwa akimsimulia mama mmoja asiyemjua jinsi shemeji yake, mume wa dada yake, alivyokufa juzi, akifunga taa juu ya ngazi.

"Shetani alinipitia, mama. Nikawasha umeme naye bado yuko juu."

"Shetani yupi, mwanangu? Sisi tunafundishwa aliumbwa kwa moto, akagoma kumsujudia mtu wa udongo."

"Kwetu kanisani alikuwa malaika. Kiburi kikamporomosha."

"Basi kote kosa lake ni kujiona. Swichi aliigusa saa ngapi?"

Dini mbili zimekubaliana, mshonaji akawaza, na hakuna aliyepata nafuu.

Fundi akatoa fyuzi mfukoni. "Kazini kwetu anayepanda ngazi ndiye anayekaa na hii, asije mtu akawasha. Shemeji aliniomba mara mbili. Nikamwambia, miaka ishirini kazini, leo unifundishe wewe? Nikairudisha mwenyewe kwenye boksi la umeme bila hata kutazama juu."

"Dada yako anajua?"

"Nimemwambia ni shetani. Nashuka hapo mbele nikamweleza ukweli." Akaigeuzageuza ile fyuzi. "Mama, huyo shetani alipofukuzwa, aliomba msamaha?"

"Hakuomba. Aliomba apewe muda tu."

Treni ikasimama, milango ikafunguka. Mshonaji akasahau kulala, akamkodolea macho fundi.

"Si ndipo hapa?" mama akauliza.

"Nitashuka kituo kinachofuata," fundi akasema.