Mama Pélagie, Aliyeshona Kitambi na Kukishusha

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawaomba wote walio juani wasogee chini ya turubai, kwa sababu marehemu hakupenda mtu asikilize maneno marefu huku kichwa kikiungua, na maneno haya ni marefu kidogo, kwani mwenyewe hakuwa mtu wa kumalizwa kwa maneno mawili.

Marehemu Pélagie Bolamba alizaliwa tarehe 14 Aprili 1944 huko Basoko, mahali Aruwimi inapojimwaga katika mto mkubwa, akiwa mtoto wa tatu wa papa Alphonse Bolamba, mvuvi, na mama Élise, aliyekausha samaki na kuwauza kwa watu wa mashua. Alisimulia mara nyingi kwamba kitu cha kwanza anachokikumbuka maishani ni ukungu wa asubuhi juu ya maji, mweupe na mzito, na ndani yake sauti za watu wakipiga kasia bila kuonekana, hata akadhani kwamba mto ndio unaozungumza, na wazo hilo hakulifukuza kabisa hata alipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Basoko, kuanzia 1951 hadi 1957, na masista walimlalamikia mama yake kwamba mtoto huyu anaota macho wazi, naye mama akajibu kwamba nyumbani pia anaota, lakini chungu hakijaungua bado. Mwaka 1958 aliletwa hapa mjini kwa shangazi yake, akajifunza kushona kwa miaka mitatu, na mwezi wa Julai 1961 alihitimu, akiwa na vidole vigumu na macho yaleyale ya mbali.

Mwaka 1962 alipata kazi katika karakana moja ya Makiso, hapa hapa mjini, iliyoshona maturubai ya malori, kazi ya wanaume, sindano nene na nyuzi za kupakwa nta, na huko ndiko alikokutana na jambo lililomfanya ajulikane mtoni. Wazungu waliokuwa na chama chao cha mashua walileta tanga moja la ajabu, jembamba kama gauni la bibi harusi, kubwa kuliko paa la nyumba, ambalo hufungwa mbele ya chombo upepo ukitoka nyuma, nalo huvimba na kukivuta chombo chote, wao wakaliita spi. Marehemu alilishona, likarudi limechanika, akalishona tena, na liliporudi mara ya tatu na tundu palepale, alivua kitambaa cha kazi, akaenda mwenyewe mtoni kuwatazama wanalitoboaje.

Alichokiona hakukisahau, na wengi waliopo hapa wamekisikia kutoka kinywani mwake mpaka wakakichoka. Aliona kwamba kulipandisha tanga hilo ni sherehe, kila mtu anataka kuvuta kamba, lakini kulishusha hakuna anayekufikiria, wanangoja upepo uwe mkali, kisha wanaachia kamba kwa hofu, tanga linaanguka majini, linajaa maji, linachanikia ubavuni mwa chombo, na mmoja aliyezungusha kamba mkononi anaondoka na kiganja kisicho na ngozi. Ndiyo maana aliwaambia vijana wote aliowafundisha baadaye kwamba Kitambi, jina alilokuja kulipa tanga la namna hiyo, hushushwa wakati watu bado wanakuuliza kwa nini unakishusha.

Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na papa Désiré Kasongo, seremala wa mitumbwi aliyetoka Maniema, mtu wa maneno machache, na kwa kuwa mafuta ya mashine yalikuwa yakipatikana leo na kesho hayapo, wawili hao waliunganisha mitumbwi mikubwa miwili kwa magogo, wakatandika wavu katikati, wakajenga kibanda cha kulala juu yake, wakakiita chombo hicho Mapasa, yaani mapacha. Kwa tanga la kawaida Mapasa ilitembea, lakini kwa tanga kubwa la mbele, ambalo marehemu alilishona kwa mabaki ya vitambaa na kulipa jina la Kitambi, ilipanda mto kutoka Basoko kama mtu anayeitwa nyumbani kula. Pembe mbili za chini za Kitambi zilifungwa kwenye pua za mitumbwi yote miwili, kwa hiyo hakikuhitaji mti wa kukitanua, na marehemu alikishonea soksi, mfuko mrefu wenye mdomo wa duara wa kekele, ule ufito wa msituni unaopindika, unaovutwa kwa kamba kutoka juu hadi chini, ukilimeza tanga lote kabla halijapata ujanja wa kukataa. Siku za upepo mzuri alilala chali juu ya wavu, maji yakipita chini ya mgongo wake, majani ya Kongo ya sika, yale magugu ya majini, yakielea pembeni na maua yake, akatazama nguo ile ikipumua juu yake, na papa Kasongo anasema kwamba saa hizo ukimwita hakuitika, ungedhani ameenda mahali na kuacha mwili utunze nafasi.

Mungu aliwajalia watoto, na Mungu aliwachukua wawili wa kwanza, Pierre mwaka 1968 kwa surua, na Évariste mwaka 1970 akiwa hajatimiza wiki sita, na baada ya hapo marehemu alishona tu, usiku na mchana. Tarehe 11 Oktoba 1972 alizaliwa Angèle, jina la kizungu, la aina ambayo serikali ilikuwa imeshaikataza, lakini nyumbani liliitwa kwa sauti ya chini na mtoto aliitikia vilevile. Tangu siku hiyo marehemu hakumtua mtoto, alimfunga mgongoni akishona, akipika, akivuta kamba, na majirani walipomtania kwamba mtoto atasahau kutembea, alisema atembee akichoka kubebwa. Baadaye walifuata Alphonse, mwaka 1975, na Florentine, mwaka 1978.

Sasa familia inafika kwenye tarehe 20 Mei 1973, siku ya Chama, kile kimoja kinachotawala nchi, kwa sababu yamesemwa mengi, na leo yasemwe sawasawa. Citoyen Faustin, yaani mwananchi Faustin, kama Chama kilivyotaka tuitane, mhamasishaji wake katika mtaa wetu, ambaye yupo hapa na ametupa ruhusa, alitaka Mapasa ipite mbele ya jukwaa la wakubwa bandarini ikiwa na Kitambi kipya, cha kitambaa cha kijani chenye mwenge mkubwa katikati, naye marehemu alikishona kwa wiki mbili, kikawa kizuri, hata Angèle alipolala chini yake nyumbani uso wake uligeuka kijani kama wa mtoto wa majini. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, wala aliyetoa kitambaa wala aliyekishona, mpaka asubuhi ya sikukuu, citoyen Faustin alipotangaza mbele ya watu wote kwamba alama ya Chama ikishapanda ni bendera, na bendera haishuki kabla ya jua kuzama, na atakayeishusha atalala gerezani. Hapo marehemu, ambaye maisha yake yote alihubiri kushusha mapema, akajikuta amejishonea kwa mikono yake tanga lisiloshushwa.

Walipanda mto mchana, kikundi cha akina mama wa ngoma za Chama kikiwa kimejaa juu ya wavu na ndani ya mitumbwi, Kitambi kimevimba, mwenge unang'aa, na wote waliokuwepo wanakubali kwamba kwa muda fulani ilikuwa kama kusafiri ndani ya usingizi, hakuna kelele ya mashine, hakuna kasia, mji unakuja wenyewe polepole na makanisa yake na miti yake, na sauti ya hotuba kutoka jukwaani inafika vipandevipande juu ya maji. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na marehemu alipogeuza kichwa aliona upande wa Yangambi, nyuma yao, umekuwa mweusi, na chini ya weusi huo maji yamebadilika rangi, na weusi ule unakuja. Chombo cha mitumbwi miwili hakilali ubavu kwa urahisi, lakini tanga kubwa la mbele likipigwa na upepo wa mvua kutoka nyuma huzisukuma pua zote mbili chini ya maji, na chombo hupinduka kwa kichwa, na waliomo hawapati hata muda wa kutaja jina la Mungu.

Papa Kasongo alikuwa kwenye usukani, naye alikuwa ameliona jukwaa na askari wake. Alisema, "Batatufunga, Pélagie." Marehemu alikuwa na Angèle mgongoni, mwenye miezi saba, anayenyonya, na alijua kwamba gereza litamnyang'anya mtoto huyo na mto pia utamnyang'anya, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili, akajibu, "Batufunge tuko bakavu."

Kisha aliwageukia akina mama, akawaambia, "Imbeni wimbo ya kushusha bendera. Imbeni yote, pole pole, na mutu asikae." Nao wakaimba, kwa sababu ni wimbo walioujua kuliko sala, na kama kila mtu hapa anavyofahamu, wimbo huo ukisikika, mwenye baiskeli hushuka, mwenye mzigo husimama nao kichwani, na hakuna anayetikisika mpaka mwisho. Ukingo wote wa Makiso ukasimama wima. Hotuba ikakatika katikati ya neno. Papa Kasongo akakiweka chombo upepo mgongoni kabisa, ili tanga la kawaida likizibie Kitambi upepo, marehemu akalegeza kamba ya upande mmoja, tumbo likatoka hewa, akaivuta soksi mkono baada ya mkono, ikaumeza mwenge kuanzia ncha ya moto hadi mpini, na ubeti wa mwisho ulipoanza, alilegeza kamba ya kupandishia iliyozungushwa kwenye kigingi, wala si mkononi, kidogo kidogo, mpaka mzigo wote ukalala juu ya wavu bila kugusa tone la maji. Wakamaliza kuimba, na upepo ukafika. Uling'oa paa la jukwaa, ukapindua mitumbwi mitatu iliyobeba mabango, ambayo watu wake waliokolewa kwa shida, lakini Mapasa ilitikisika tu kama mzee anayecheka, ikaingia bandarini, na mtoto mgongoni hakuamka.

Jioni ile askari walimchukua marehemu, yeye na mtoto wake, maana alikataa kumtua, na asubuhi citoyen Faustin alimuuliza mbele ya wakubwa, "Nani alikupa ruhusa ya kushusha?" Marehemu alimjibu, "Tuliimba, citoyen. Batu bote balisimama. Na weye ulisimama, nilikuona, mukono ku kifua." Wakubwa walitazamana, kwa sababu na wao walikuwa wamesimama, na mtu hawezi kumfunga mwanamke kwa sherehe aliyoiheshimu yeye mwenyewe kwa mwili mzima. Aliachiliwa kabla ya mchana. Kitambi hakikurudishwa, na marehemu hakukidai, ila mwaka uliofuata alimwona mke wa mkubwa mmoja kanisani amevaa gauni la kijani lenye ncha ya mwenge begani, akasema mshono wa pembeni anautambua, ni wake.

Aliendelea na kazi ya kushona na ya mtoni hadi mwaka 1986, alipoanza kuvimba miguu, na mwaka 1988 madaktari walisema ni figo. Aliugua kwa uvumilivu ambao haukuwa desturi yake, akiomba tu kitanda chake kielekezwe dirishani, na siku za mwisho alizungumza na papa yake mvuvi, aliyetangulia zamani, kuhusu ukungu, bila hofu. Alifariki tarehe 9 Februari 1990, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 45, mume wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia hata dawa zilipokosekana, majirani waliopika na kukesha, wafanyakazi wenzake wa karakana walioshona turubai hili tulilokaa chini yake, akina mama wa kikundi cha ngoma ambao walikuwa ndani ya Mapasa na leo wamekuja na wajukuu, na citoyen Faustin, ambaye aliomba kuwa miongoni mwa watakaoshika sanduku, na papa Kasongo amekubali.

Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja. Mama, anayesoma maneno haya ni mimi, Angèle, na wanasema siku ile sikuamka, kwa hiyo nayajua yote kwa kusimuliwa tu. Ulinibeba mpaka nilipochoka kubebwa. Leo ni sisi tunaokubeba, nawe usiamke, Mama, pumzika kwa amani.